Maji Aliyoyamwaga Hedley Uren

Nimezika watu wengi wa bonde letu, na wengi wao waliandikwa gazetini walipokufa: kapteni huyu wa mgodi, mhubiri yule, bingwa wa mieleka wa mwaka fulani. Hedley Uren alipata mistari miwili, jina lake na saa ya mazishi, basi. Mimi namwandika kwa sababu nilikuwapo siku ile aliyobeba beleshi barabarani. Katika waliokuwapo tumebaki mimi na Clarrie Skewes, na Clarrie siku hizi hakumbuki hata jina la mbwa wake.

Hedley alimuoa dada yangu Verena, kwa hiyo kwangu alikuwa shemeji. Tuliishi nyumba mbili zilizoshikana kule kijijini Nansmellin, ukuta mmoja. Akikohoa, mimi naamka.

Watu wa Nansmellin tuliishi kwa makapi ya wengine. Migodi mikubwa ilikuwa juu, upande wa kilima cha Carn Brea. Ilichimba mwamba, ikautwanga, ikachukua madini yake ya bati, na kilichobaki ikaliachia mto. Ndiyo maana mto wetu ulikuwa mwekundu kama tofali, toka huko juu mpaka unapoingia baharini. Sisi tulikuwa chini, tunaukinga mto, tunaosha upya walichokwisha kukiosha, na bati walilolikosa wakubwa tunalipata sisi. Wachimbaji walituita waokota makombo. Baba alikuwa akiwajibu kwamba paa la kanisa lao limeezekwa kwa makombo, na ni kweli, sisi ndio tuliochangia paa lile.

Nilitoka shule nikiwa na miaka kumi na minne, nikaenda moja kwa moja kwenye meza za tope, alikofanya kazi mama yangu na mama yake. Meza ile ni ya mbao, imelazwa na mteremko kidogo. Unauachia uji wa tope uteleze juu yake polepole. Kizito kinabaki kwenye mbao, chepesi kinakwenda na maji. Kisha unakifagia kilichobaki, unaanza tena. Miguu majini siku nzima, na mvua ya kwetu haikuwa na kuanza wala kuisha. Mikono yangu mpaka leo ina nyufa ambazo hakuna mafuta yaliyowahi kuziziba. Sisemi hivyo nionewe huruma. Nasema mjue kwamba ninaposema tope, nalijua.

Kilichoteremka hadi mwisho wa meza zote tulikiacha kiingie bwawani, nyuma ya mabanda. Bwawa lile lilikuwepo kabla ya babu zetu. Ndani yake tope lilikuwa laini kuliko unga wa ngano, ukilisugua kwa vidole huhisi hata chembe. Kila mtu alijua kwamba bwawa ni tupu. Tulijua hivyo kwa sababu Hedley alisema hivyo, na kabla yake baba yake Hedley alisema hivyo.

Hedley alikuwa mpepetaji. Katika kazi ya bati hakuna kazi iliyokuwa na heshima kama ile. Mpepetaji ana beleshi pana lisilo na kina, limesuguliwa mpaka linang'aa kama kijiko cha fedha. Anaweka juu yake konzi ya mchanga, anatia maji, anauzungusha taratibu. Kisha anaegemeza mpini pajani na kulirusha beleshi kidogo mbele kwa mkono, pap, pap, pap, na bati linaupanda ule ubapa dhidi ya maji, linakaa juu peke yake kama mwezi mchanga, wa rangi ya kahawia. Mchanga mtupu unabaki chini. Mwezi ukiwa mnene kuna bati, ukiwa mwembamba hakuna. Kwetu hapakuwa na bati ambalo halijaonekana kwenye beleshi. Ungeleta mashine, ungeleta mtaalamu, mwisho wa yote kapteni angegeuka na kuuliza, "Beleshi linasemaje?" Na kila mtu angenyamaza kusikiliza.

Upepetaji ulikuwa na kanuni yake ya kwanza, na hii naomba msiisahau. Kabla ya kupepeta, unakoroga mchanga wako kwenye mkebe wa maji, unasubiri kidogo, halafu yale maji machafu yanayoelea unayamwaga. Unayamwaga mara mbili, mara tatu, mpaka maji yawe safi. Kilichotulia chini ndicho unachokiweka kwenye beleshi. Usipofanya hivyo ukungu wa tope unafunika kila kitu na huoni mwezi wala nyota. Baba yake Hedley alimfundisha hivyo akiwa mtoto, naye alifanya hivyo maisha yake yote, akisimama pale pale mlangoni pa kibanda chake na kuyamwagia pale pale, mbele ya jiwe la mlango. Ardhi ya hapo ilikuwa nyekundu, laini, nyasi hazioti. Ukipita unateleza. Clarrie Skewes aliteleza hapo siku ya harusi yake akiwa na suti ya kuazima.

Sasa nawapeleka kwenye vuli ya mwaka themanini na tatu. Hedley alikuwa na miaka hamsini na minane na mwili wake ulikuwa umemshinda. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi. Goti la kulia, lile la kuegemezea mpini, lilikuwa limevimba halishuki. Alikuwa akirudi nyumbani anakaa kwenye kiti cha jikoni na buti zake miguuni, na Verena anamvua kama anavyomvua mtoto, naye anatazama tu ukutani.

Mto nao ulikuwa umechoka. Wale wa juu walikuwa wamepata mashine nzuri, hawatupi tena bati kama zamani. Siku moja ya mapema Oktoba, Kapteni Garfield Hosken, mwenye kazi, alitukusanya bandani. Kapteni alikuwa mtu wa haki, mrefu, ana kofia ambayo mpaka siku hiyo sikuwahi kumwona bila yake isipokuwa kanisani.

"Sitawazungusha," akasema. "Mto hautulishi tena. Kilichobaki ni bwawa. Kama bwawa lina kitu, tunaendelea. Kama halina, Krismasi tunafunga."

Tulikuwa watu tisa. Kapteni akamgeukia Hedley.

"Hedley, kwa mara ya mwisho. Beleshi linasemaje juu ya bwawa?"

"Tupu, Kapteni. Kama lilivyokuwa."

Nilimtazama wakati anasema. Alisema kama mtu anayetua mzigo.

Verena ndiye aliyenieleza, tukianika nguo. "Usimwambie mtu," akasema. "Anafurahi."

"Anafurahia nini? Tunafungiwa kazi."

"Amechoka, dada. Akiacha mwenyewe watasema amewakimbia wenzake. Kazi ikifa yenyewe, anapumzika na jina lake liko safi. Anataka vitunguu vyake bustanini na kuimba kwaya, hataki kingine."

Nilichukua shuka lingine nikalianika. Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja, sina mume, na nje ya meza za tope sikuwa na kazi ninayoijua. Lakini mume wa dada yangu nilimpenda, na uchovu wake niliusikia kupitia ukutani kila usiku. Sikuweza kumlaumu.

Kapteni hakuwa mtu wa kuacha jambo bila kulijaribu hadi mwisho. Wiki iliyofuata lori lilishuka bondeni limebeba pipa. Lilitoka kwenye karakana moja ya juu kilimani, na aliyelitengeneza alikuja nalo, Bwana Pellow, mtu mnene, mpole, mwenye kucha zilizojaa grisi. Pipa lilikuwa limelazwa ubavu juu ya fremu ya chuma, ndani laini kama bakuli, na lilikuwa na injini.

"Kapteni," Clarrie akasema, "umetuletea mashine ya kufulia? Maana soksi za Hedley zimekuwa zikiiomba."

"Soksi zangu zitaiua siku ya kwanza," akasema Hedley.

Bwana Pellow alicheka. "Hujakosea sana, bwana. Mashine ya kufulia inapozunguka, nguo zinanata ukutani na maji yanatoka. Hapa bati ndilo nguo."

"Basi angalia lisichuje rangi, mpenzi," akasema Clarrie, na watu wakacheka. Kwetu kila mtu ni mpenzi, hata dereva wa lori.

Pellow alitueleza bila kujigamba. Alisema chembe ya bati ikiwa ndogo mno, uzito wake hautoshi kuizamisha. Inaelea na maji kama vumbi kwenye mwanga wa dirisha, na kwenye meza zetu inateleza na kwenda zake. Ukiizungusha kwa kasi, unaipa uzito wa kuazima. Inasukumwa ukutani mwa pipa kana kwamba ni kokoto, inabaki hapo, na vile vikwangulio vya ndani vinaikokota polepole mpaka mdomo wa huku. Tope jepesi linatoka na maji mdomo wa kule.

"Na bati hilo liko wapi?" Hedley akauliza.

"Bwawani kwenu, kama lipo."

"Halipo."

"Basi pipa litasema halipo, na mimi nitapanda lori langu," akasema Pellow.

Lilizunguka siku nzima ya Ijumaa likinguruma kama mzinga wa nyuki, huku likitikisika, na sisi tukilinywesha tope la bwawa kwa pampu. Jioni ilipokaribia, kwenye ndoo ya mdomo wa huku palikuwa na uji mzito wa kahawia, si mwingi. Mashine ikazimwa. Masikio yetu yakabaki yanavuma. Kapteni akasema neno moja tu: "Hedley."

Tulimfuata kibandani kama watu wanaofuata jeneza. Hedley alichota uji ule, akautia kwenye mkebe, akatia maji, akakoroga, akasubiri, akayamwaga maji ya tope mbele ya jiwe la mlango. Akakoroga tena, akamwaga tena. Mara ya tatu maji yalikuwa safi, na chini ya mkebe kulibaki kitu kidogo sana. Akakitia kwenye beleshi. Pap, pap, pap. Sote tuliinamisha vichwa.

Mwezi haukutoka. Ulitoka uzi, uzi mmoja wa kahawia.

"Beleshi linasemaje?" akauliza Kapteni, ingawa alikuwa ameona.

"Hakuna kitu, Kapteni."

Bwana Pellow hakutazama beleshi. Alikuwa anatazama ardhi, pale mlangoni, maji mekundu yakizama taratibu. "Bwana Uren," akasema, "bati langu umelimwaga hapo."

"Nimemwaga tope."

"Ndilo hilo."

Hedley alinyooka. Ilimchukua muda kunyooka siku hizo. "Sikiliza, mwenzangu. Baba yangu alimwaga tope hapo hapo. Babu yake Kapteni aliuza bati kwa neno la baba yangu, na hakuna mnunuzi aliyewahi kurudi kulalamika."

"Kwa bati lililoonekana alisema kweli," Pellow akasema. "Mimi nazungumzia lile lisiloonekana. Nipeleke ndoo maabara, wapime."

Kapteni akatikisa kichwa. "Maabara itanipa karatasi, Bwana Pellow. Sitawafunga watu hawa kwenye kazi ya bwawa zima kwa karatasi. Hapa tunaamini tunachokiona kwenye beleshi. Samahani. Jumatatu lori lije lichukue pipa lako."

Njiani kurudi nyumbani Clarrie alisema, "Basi Krismasi hii nitamla bata mzinga kwa huzuni," na hakuna aliyecheka, hata yeye.

Nilikunywa chai kwao jioni ile. Verena alikuwa ameoka mkate wa zafarani na Hedley hakuugusa. Verena akauliza nini kimetokea, nami nikamweleza, pamoja na maneno ya Pellow. Dada yangu alikuwa mtu wa polepole. Alikata mkate, akapaka siagi, akafikiri.

"Hilo pipa lake ni kama kitenga malai cha mama," akasema.

Lazima niseme hapa kwamba sisi tulikulia kwenye kishamba cha ng'ombe wawili, ambao mama aliwafuga kando ya kazi ya meza, naye alikuwa na mashine ya mkono ya kutenga malai, yaani mafuta ya maziwa. Unamimina maziwa juu, unazungusha mpini mpaka inalia, na malai yanatoka bomba hili, maziwa matupu bomba lile.

"Si kitu kimoja," akasema Hedley.

"Ni kitu kimoja. Unakumbuka, dada, siku niliyowamwagia nguruwe ndoo nzima ya maziwa?"

"Nakumbuka mwiko wa mama ulivyokuchapa," nikasema.

"Nilikuwa na miaka sita. Nilichungulia ndooni sikuona malai juu, nikadhani maziwa yale hayana kitu, nikawapa nguruwe. Na maziwa yalikuwa ya saa ile ile, yametoka kwa ng'ombe, malai bado yamo ndani humo humo." Akamtazama mumewe. "Wewe unakoroga, unasubiri kidogo tu, unamwaga. Ungesubiri siku nzima je?"

Hedley aligeuza kikombe chake mezani. Kisha akasema, "Unaniambia nimekuwa nikilisha nguruwe maisha yangu yote."

"Sijasema hivyo."

"Umesema."

"Basi nimesema."

Akasukuma sahani. "Nimechoka, Verena."

"Najua, mpenzi wangu."

Akanigeukia mimi. "Na wewe, shemeji? Unaonaje?"

"Mimi nina kazi pale," nikamjibu. "Usiniulize mimi." Sikutaka aseme baadaye kwamba nilimlilia. Katika ukoo wetu hatulilii kazi.

Kesho yake, Jumamosi mchana, watu wakiwa wamekwenda Redruth sokoni, nilisikia mlango wangu wa uani. Alikuwa Hedley, na ndoo. Alikuwa amekwenda peke yake kule kazini, akachota ule uji uliobaki wa pipa.

"Lile karai lako jeupe," akasema. "La kufulia. Niazime."

"La Verena lina nini?"

"Limelowekwa maharagwe. Na sitaki anisimamie."

Nikampa. Alikoroga ule uji kwenye mkebe kama kawaida yake, akasubiri kama kawaida yake, na yale maji ya tope, badala ya kuyamwaga chini, akayamwaga kwenye karai langu. Mara ya pili, mara ya tatu. Karai likajaa maji mekundu, huoni chini. Tukaliweka jikoni kwangu kwenye sakafu ya mawe, penye baridi, nikalifunika kwa kitambaa.

Jumapili hakuna aliyeligusa. Kwetu siku ile hata viazi vinamenywa Jumamosi. Tulikwenda kanisani asubuhi na jioni, na Hedley, ambaye miaka yote ndiye aliyewashika waimbaji wa sauti ya chini, aliingia vibaya kwenye ubeti wa tatu, kiongozi wa kwaya akageuka kumtazama. Baada ya ibada alipita kwangu. Hakusema anataka nini. Nilifunua kitambaa. Maji yalikuwa yamekuwa safi kama ya kisima, na chini ya karai palikuwa na utando laini, kama ngozi ya juu ya uji uliopoa.

Alichuchumaa pale na goti lake bovu, akautazama. Mkono hakuutia, kwa sababu ya siku. Nikafikiri: hapa nyumbani tuko wawili tu. Akiteleza akalipindua karai hili kwa bahati mbaya, kesho lori linakuja, Krismasi tunafunga, naye anapata vitunguu vyake. Nafikiri naye aliwaza hivyo. Alikaa sana.

"Lifunike," akasema.

Jumatatu, kulipopambazuka tu, alikuja uani na beleshi. Mvua ilikuwa imetulia ikawa ukungu. Alimwaga maji safi polepole kwa ukingo wa karai, akakwangua kipande cha ule utando, akakiweka kwenye beleshi. Pigo la kwanza, pap, chote kikaondoka na maji. Akakwangua kingine, kikaondoka tena. Mara ya tatu hakupiga kabisa. Alishikilia pumzi, akaliinamisha beleshi kidogo kidogo kama mtu anayembembeleza mtoto aliye karibu kulala, maji yakipita juu yake kama jasho. Sijui ilichukua muda gani. Chai yangu ilipoa mkononi.

Halikutoka umbo la mwezi. Kulikuwa na doa la kahawia hafifu, limetandaa theluthi ya beleshi zima.

"Unaona, shemeji?"

"Naona."

"Unaona nini?"

"Bati."

Akatikisa kichwa taratibu, si kwa kukataa. "Baba yangu alikufa bila kuliona hili." Akalishusha beleshi usawa wa tumbo, akashika mpini kwa mikono miwili. "Nikilimwaga hapa kwenye kabichi zako, utasema?"

"Nitasema."

"Kwa Kapteni?"

"Kwako. Kila siku, kupitia ukutani, mpaka ufe."

Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na beleshi halikutikisika hata kidogo. Hapo ndipo nilipojua anakwenda kwa Kapteni.

Alilibeba hivyo hivyo, limelala sawasawa, kutoka uani kwangu, akashuka kichochoro, akaingia barabarani, nami nyuma yake. Watu walikuwa wanakwenda kazini. Wakimsalimu hawezi hata kuitikia kwa kichwa. Clarrie alikuwa ameegemea lango, na pai yake ya mchana kwapani.

"Hedley, hilo ni yai?"

"Nyamaza, Clarrie, fungua lango."

Lori la Bwana Pellow lilikuwa tayari uani kule kazini, na watu wawili wameanza kufungua bolti za pipa. Kapteni alikuwa amesimama nao. Alipoona beleshi, aliwainulia mkono wasimame. Wote tukazunguka. Hedley hakuhitaji kuulizwa, lakini Kapteni aliuliza, kwa sababu ndivyo inavyofanywa.

"Beleshi linasemaje?"

Hedley alikuwa na sauti nzito, ya kanisani, na siku ile aliitumia yote, ili mtu yeyote asije akauliza tena baadaye.

"Beleshi linasema lilikuwa halioni, Kapteni. Hili ni kutoka kwenye maji niliyokuwa nayamwaga. Bwawa lina bati. Lilikuwa nalo siku zote. Nimekuwa nikilimwaga kabla ya kulitazama, mimi, na baba yangu kabla yangu. Bwana Pellow alisema kweli."

Kapteni aliinama juu ya lile doa hafifu, akalitazama sana, akavua kofia yake. Nakumbuka nywele zake zilivyokuwa zimelala. Bwana Pellow hakusema, "Si niliwaambia." Aliwageukia tu watu wake, akasema, "Rudisheni bolti."

"Kwa hiyo," akasema Clarrie, akinyoosha kidole kibandani, "suti ile niliichafulia kwenye mgodi."

Siku ile watu walicheka. Hedley pia. Lakini Pellow hakucheka, alikwenda akachuchumaa mlangoni pa kibanda, akatia kidole kwenye ile ardhi nyekundu. Akaomba ndoo. Hedley akamwambia aondoke, atachimba mwenyewe. Akachimba, kwa lile lile beleshi la kupepetea, ambalo hakuwahi kuliruhusu liguse ardhi, na goti likimuuma tunamwona. Tulikatazwa kumsaidia. Tope la mlangoni kwake lilipita kwenye pipa mchana ule, na lilitoa bati kuliko sehemu yoyote ya bwawa. Ukoo wa Uren wote ulikuwa umelikusanya hapo, konzi kwa konzi, bila kujua.

Basi kazi haikufungwa Krismasi. Kapteni alibaki na pipa, kisha akaongeza la pili. Meza za tope ziliondolewa moja baada ya nyingine, nami nikawekwa kwenye pampu, mahali pakavu, kwa mara ya kwanza tangu nitoke shule. Tulilila bwawa Krismasi hiyo na Krismasi iliyofuata. Kisha bei ya bati ikaanguka duniani kote, kwa mambo ambayo sisi hatukuyajua wala kuyafanya, na wakafunga wote, wakubwa wa juu na sisi wa chini. Nusu ya bwawa ilibaki. Siku hizi limeota matete, na watu wa kuja wanatembeza mbwa wao hapo.

Hedley alilitunza pipa mpaka siku ya mwisho. Kapteni alimpa kazi ile kwa heshima, nayo haikuwa nyepesi: kusimama na mpira wa maji, kusikiliza kama mlio umebadilika, kuzibua vikwangulio kwa mikono penye baridi. Hakupepeta tena. Hakuna aliyemkataza. Ila siku hizo Kapteni alipotaka kujua, alikwenda kwenye ndoo ya pipa mwenyewe, na wale wa maabara walileta majibu yao, na hakuna tena aliyegeuka na kuuliza lile swali. Niliwahi kumwona Hedley amesimama akingoja liulizwe. Halikuulizwa.

Siku moja ya Februari, mwaka wa kwanza wa pipa, nilimpelekea chai. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, koti la mvua juu ya koti la baridi, mashine inanguruma.

"Nilikuwa nimebakiza Krismasi moja tu, shemeji," akasema.

"Najua."

"Vitunguu ningekuwa nimevipanda sasa."

"Verena amevipanda."

"Amevipanda karibu karibu mno." Akanywa chai. "Karai lako nitakurudishia."

Hakulirudisha. Alikuwa nalo kule kazini, anakingia matone ya pipa. Alikufa mwaka mmoja na miezi michache baada ya kufungwa kwa kazi, kifua. Alikuwa amekwisha kuvuna vitunguu vya msimu mmoja. Verena aliniletea karai baada ya mazishi, chini limekuwa jekundu. Nililisugua kwa mchanga, nikalisugua kwa magadi, rangi haikutoka. Leo asubuhi nimemenyea viazi ndani yake.